Kutu Nusura Ivunje Chama: Habari ya Mashine Yetu ya Randa



Katika kitabu hiki cha miaka kumi wengine wameandika habari za hisa, mikopo na faida. Sisi wa kamati ya karakana tumepewa kuandika habari ya kutu. Msicheke. Kutu nusura ituvunjie chama.

Tanga na mbao wanajuana tangu zamani. Reli ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa wakipasua mierezi kule Shume, milima ya Usambara, na kuiteremsha kwa kamba za waya hadi Mkumbara kwenye reli. Basi na sisi, mwaka wa tatu wa chama, tulipoona akiba imetuna tukanunua mashine ya randa ya mtumba, ili tuikodishe kwa mafundi. Meza yake ni ya chuma cha kusubu, nzito, imenyooka kama kioo.

Ikaja masika. Na masika hiyo ndiyo tuliyogombana juu ya nani ashike ufunguo, karakana ikafungwa wiki sita. Mashine tuliifunika turubai la nailoni, tukajiona tumeihifadhi. Kumbe! Turubai lilizuia mvua, lakini lilifungia unyevu ndani. Usiku chuma kikipoa, matone yanakaa juu yake. Tena hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Juu ya meza zilikuwa zimeachwa mbao mbichi. Chini yake tulikuta alama nyeusi, maana maji ya mti yana tanini, ile ile iliyomo kwenye maganda ya mikoko, na ikikutana na chuma hugeuka kama wino.

Mkutano ulikuwa mkali. Wengine walidai mashine iuzwe chuma chakavu, kila mtu achukue chake aende zake. Mwenzetu mmoja, binti wa fundi wa majahazi, akasimama akauliza: "Jamani, kwani baba zetu jahazi walikuwa wanaliachia bahari hivi hivi?" Kweli. Hapa pwani mbao za jahazi zilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na sehemu ya chini ya maji ikapakwa shahamu na chokaa. Chombo kinapandishwa, kinakwanguliwa, kinapakwa tena. Kila msimu.

Tukajaribu. Kwanza tukachomoa umeme. Tukatia mafuta ya taa kidogo, tukasugua kwa msasa laini uliozungushiwa kipande cha mbao, ili meza isipate mabonde. Alama hazikutoka zote, lakini mbao zikapita. Tukafuta hadi pakakauka, tukapaka nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini, tukang'arisha kwa kitambaa. Nta inazuia unyevu, tena inafanya mbao iteleze, hivyo meza hailiki upesi. Mafuta ya kupikia hatukutaka, yanaganda yakashika vumbi. Grisi ni ya mashine inayolala muda mrefu, nayo lazima ifutwe kabla ya kazi. Vilainishi vya silikoni hapana kabisa. Vikiingia kwenye mbao, vanishi inakataa kushika.

Tangu hapo ipo zamu. Kila jioni mwenye zamu anafagia maranda, maana yanashika unyevu, anafuta jasho la mikono ya mafundi, anafunika kwa shuka la pamba linalopitisha hewa. Kila mwezi nta. Daftari la zamu linasainiwa kama daftari la hisa, na ufunguo unakaa kwa mwenye zamu, basi ugomvi umekwisha.

Alama moja nyeusi bado ipo pembeni mwa meza. Wageni wakiuliza tunawaambia: hizo ni zile wiki sita tulizonuniana.

Karibuni karakana mjionee. Zamu ya mwezi ujao imebandikwa mlangoni. Kila mama aangalie jina lake.