Tiba kwa vitendo

Matangazo ya ajira serikalini Tanzania humwita mtaalamu wa “occupational therapy” mtoa tiba kwa vitendo, na hospitali ya KCMC, Moshi, husomesha wataalamu hawa. Nalipenda jina hili kwa hivyo vitendo vyenyewe. Mtoto mwenye usonji anayelia kila akivishwa sare huenda anakerwa na lebo ya shingoni. Mtaalamu huikata, humzoesha vitambaa taratibu, humfundisha kufunga kifungo kimoja kimoja, huku mama akitazama ili waendelee nyumbani. Daktari wa afya ya akili naye humpima mtoto, hutibu hofu na kukosa usingizi. Kidonge cha kuondoa usonji hakipo. Mzazi aambiwe hivyo waziwazi, siku ya kwanza, na aambiwe pia kwamba malezi yake hayakuuleta.