Matokeo ya NECTA ni ya nani?

Wiki hii kwenye semina ya upimaji hapa DUCE, Chang'ombe, ulizuka ubishi mkali: matokeo ya mtihani ni ya mwanafunzi, ya shule au ya serikali? Nimeona tuingie kwenye historia kidogo.

Zamani mitihani yetu ya sekondari ilitoka Cambridge, baadaye Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ikajitoa 1971, na NECTA ikaanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Enzi hizo kazi kubwa ya matokeo ilikuwa kuchuja tu. Nafasi chache, majina ya waliochaguliwa yanabandikwa ubaoni, ukikosa jina lako unarudi nyumbani kimya kimya.

Miaka ya 2000 ikaja intaneti. Kaka zetu wanasimulia: jina kamili, namba na alama za kila somo, vyote kwenye tovuti. Jirani aliyekaa intaneti kafe anajua umepata sifuri kabla hujajua mwenyewe. Duh!

Halafu shule kumi bora. Feza Boys ya Kinondoni ilikuwa mara nyingi haikosi. Kidato cha nne cha 2012 kikaleta balaa, zaidi ya nusu ya watahiniwa sifuri, hadi matokeo yakapangwa upya. Mwaka huo huo wa 2013 serikali ikaleta Matokeo Makubwa Sasa, na shule zikagawanywa kwa rangi: kijani, njano, nyekundu.

Sasa jamani, tuulizane. Kuna shule binafsi zinachuja watoto mlangoni kwa intavyuu, kisha asiyefikia wastani anakaririshwa au anaambiwa atafute shule nyingine. Shule ya kata ya Mbagala inapokea kila aliyepangiwa. Ukiziweka kwenye foleni moja, unapima ufundishaji au unapima mlango?

Januari 2023, matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Athumani Amasi wa NECTA alisema hawatangazi tena shule na wanafunzi bora, maana halina tija. Safi! Ila matokeo ya kila shule bado yako wazi, kwa hiyo shule zinajipanga zenyewe na kujipigia debe. Pita barabarani uone mabango: sura ya mtoto na Divisheni Wani yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, lakini mtoto huyo aliulizwa na nani?

Nilipokuwa tipii kwenye shule moja ya kata huku Temeke, matokeo ya moko yalibandikwa ukutani, wa kwanza hadi wa mwisho, kwa majina. Wa mwisho hakuonekana shuleni siku mbili. Na wakati huo huo, kabatini ofisini kulikuwa na vijitabu vya NECTA vya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, vinavyoonyesha swali kwa swali wapi watoto walikwama na kwa nini. Vumbi tupu!

Hapo ndipo nilipopata jibu langu. Alama ni za mwanafunzi, apewe yeye na mzazi wake. Yale makosa ndiyo yetu sisi walimu. Tumekuwa tukitangaza ya kwake na kuyafungia kabatini ya kwetu.

Nawakilisha.