Mabaharia Wengi, Maofisa Wachache

Mto Ewaso Nyiro hukatiza kaunti ya Isiolo kuelekea mashariki, kisha hupotelea katika kinamasi cha Lorian kabla ya kuifikia Bahari ya Hindi. Mji wenyewe uko kiasi cha kilomita 280 kaskazini mwa Nairobi, na kutoka Nairobi hadi Mombasa kuna nyingine zipatazo 480. Ukiitaja Isiolo, watu hukumbuka ngamia, soko la mifugo, miraa inayoteremshwa kutoka Meru, na chuo cha jeshi cha askari wa miguu. Meli haimjii mtu akilini. Hata hivyo, wapo wenyeji wa mji huu ambao jamaa zao walizunguka dunia baharini tangu enzi za makaa ya mawe, na mkasa wao unaonyesha kwa nini Afrika Mashariki imekuwa na mabaharia tele na maofisa wa kuhesabika.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwapa makazi Isiolo askari wastaafu wa Kisomali, wengi wao wa ukoo wa Isaaq kutoka Somalia ya Waingereza. Wajukuu na vitukuu wao wangali hapo. Wakati wazee hao wakianza maisha mapya ya ufugaji na biashara, watu wa ukoo wao huohuo walikuwa wakivuka kutoka Berbera hadi Aden na kuandikwa kazi katika meli za Waingereza. Wengi walilowea Cardiff na South Shields. Kazi yao ilikuwa chini kabisa melini, kwenye joto la boila, wakichochea makaa kwa koleo saa nne mfululizo kila zamu.

Mwaka 1919 walishambuliwa mitaani Cardiff katika ghasia za ubaguzi wa rangi. Mwaka 1925 serikali ya London ikatoa amri iliyowalazimisha mabaharia weusi wasio na hati za uraia kujiandikisha polisi kama wageni, na wengi waliozaliwa chini ya bendera ya Uingereza wakanaswa humo. Ngazi ya kupanda juu haikuwapo. Tangu mwaka 1850 sheria ya Uingereza ilitaka nahodha na wasaidizi wake katika meli za safari za ng'ambo wawe na cheti cha serikali baada ya mtihani. Njia ya kawaida ya kuufikia mtihani huo ilikuwa kijana kupokelewa na kampuni ya meli kama mwanagenzi wa uofisa. Nafasi hizo hazikuwafikia wachochea makaa wa Kisomali.

Pwani ya Waswahili ilikuwa na utaratibu wake, wa zamani kuliko huo. Mtoto alipanda jahazi kama msaidizi wa mpishi, akajifunza kamba na tanga, akawa baharia kamili, na mwenye kipaji akafika kuwa serehangi au nahodha. Nyota, misimu ya kaskazi na kusi, rangi ya maji na mwendo wa mikondo vilisomwa kazini. Elimu hiyo ilizipeleka jahazi hadi Ghuba na kuzirudisha salama kwa karne nyingi, lakini mbele ya mtahini wa Kiingereza haikuwa na karatasi ya kuonyesha.

India ilipigania uofisa wa vijana wake mapema. Mwaka 1927 meli ya mafunzo Dufferin ilianza kufundisha vijana wa Kihindi huko Bombay ili wawe maofisa wa meli za biashara. Upande huu wa bahari hakukuwa na cha kulinganisha nayo. Katika miaka ya 1950 Waingereza waliunda kikosi cha wanamaji wa Afrika Mashariki chenye makao Mombasa. Waafrika walikuwa mabaharia wa kawaida na maofisa walikuwa Wazungu, hadi kikosi kilipovunjwa mwaka 1962. Kwa upande wa kiraia, Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, maarufu kama MIOME, ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951 na kufundisha ufundi, ubaharia ukiwa miongoni mwa masomo. Taasisi hiyo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Uhuru ulileta meli. Mwaka 1966 Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia ziliunda shirika la meli la Afrika Mashariki, na majina ya meli zake yalibeba siasa za wakati huo: Harambee, Uhuru, Ujamaa, Mulungushi. Mwaka uliofuata Tanzania iliunda kampuni nyingine ya meli kwa ubia na China. Kwa mara ya kwanza kijana wa Afrika Mashariki aliweza kuota uofisa katika meli ya kwao. Kadeti hafundishwi na vitabu peke yake. Anahitaji nahodha aliye tayari kumsimamisha kwenye chumba cha usukani usiku wa manane na kumuuliza meli ile inayokuja ina taa gani, na nani ana haki ya kupita kwanza. Nchi yenye meli zake humwamuru nahodha huyo ampokee kadeti. Nchi isiyo na meli huomba.

Ndoto haikudumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na shirika la meli likafungwa mwaka 1980. La kusikitisha ni kwamba wakati huohuo shule ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza. Dar es Salaam ilianzisha kitengo cha mafunzo ya ubaharia mwaka 1978, ambacho kwa sheria ya mwaka 1991 kilifanywa kuwa Chuo cha Bahari Dar es Salaam, yaani DMI. Mombasa nako, mamlaka mpya ya bandari ya Kenya ilifungua Chuo cha Bandari mapema katika miaka ya 1980, nia kuu ikiwa kufundisha wafanyakazi wa bandari yenyewe. Madarasa yalifunguliwa meli zilipokuwa zinaondoka.

Na dunia nayo ilikuwa ikibadilisha masharti. Ajali kubwa za meli za mafuta, kama ile ya Torrey Canyon ya mwaka 1967 karibu na Uingereza na ya Amoco Cadiz pwani ya Ufaransa mwaka 1978, zilionyesha kuwa kila nchi ilikuwa ikitoa vyeti kwa kipimo chake. Julai 1978 mataifa yalikubaliana mjini London juu ya mkataba unaojulikana kwa kifupi kama STCW, unaoweka kiwango kimoja cha mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia. Ulianza kutumika mwaka 1984. Mwaka 1995 ukakazwa zaidi, na Shirika la Kimataifa la Bahari likaanza kuweka orodha ya nchi ambazo mafunzo yake yanatimiza masharti. Baharia mwenye cheti cha nchi iliyo nje ya orodha alikuwa na kazi ngumu ya kupata mwajiri.

Kenya ilikuwa nje. Mamlaka ya Bahari ya Kenya iliundwa mwaka 2004 na kupata sheria yake mwaka 2006, na sheria mpya ya meli za biashara ikapitishwa mwaka 2009. Ilipofika mwaka 2010, nchi yenye bandari kongwe na maarufu katika ukanda huu ndipo ilipoingia katika orodha hiyo. Kwa miaka yote ya kabla yake, Mkenya aliyetaka uofisa alilazimika kutafuta chuo cha nje. Elizabeth Marami, anayetambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kuwa rubani wa meli, yaani mtaalamu anayeziongoza meli kuingia na kutoka bandarini, alisomea Alexandria, Misri, katika chuo cha bahari cha nchi za Kiarabu.

Masharti yenyewe hayana siri. Anayetaka kuwa afisa wa zamu upande wa usukani lazima awe ametimiza miaka 18, macho yake yapimwe, na atofautishe rangi bila kukosea, kwa kuwa taa nyekundu huwaka ubavu wa kushoto wa meli na ya kijani ubavu wa kulia. Atajifunza kuogelea na kupanda boti la kuokoa maisha, kuzima moto, huduma ya kwanza, rada, ramani za kielektroniki, mawasiliano ya redio, uthabiti wa meli na upakiaji wa shehena. Baada ya hayo, au katikati yake, mkataba unamtaka akae baharini si chini ya miezi 12 kama kadeti, akiwa na daftari la mafunzo linalotiwa saini na maofisa wa meli, na miezi 6 kati ya hiyo awe kwenye zamu za usukani. Asiyepitia programu rasmi anadaiwa miezi 36. Bila miezi hiyo, diploma hubaki ukutani.

Hapo ndipo wengi hukwama. Mwishoni mwa Novemba 2018, wiki ileile Nairobi ilipokuwa mwenyeji wa mkutano wa dunia kuhusu uchumi wa bahari, serikali iligeuza Chuo cha Bandari kuwa Bandari Maritime Academy. Shirika la Meli la Taifa, lililoundwa mwaka 1987 bila kupata nguvu ya kumiliki meli zake, lilitangazwa kufufuliwa kwa ushirikiano na kampuni kubwa ya meli ya MSC. Vijana walipelekwa melini, lakini nafasi nyingi za mwanzo zilikuwa za hoteli katika meli za kitalii: jikoni, mezani, vyumbani. Ni kazi halali yenye mshahara. Kwenye ngazi ya uofisa, haihesabiwi.

Kwa upande wa mahitaji, soko liko wazi. Ripoti ya mwaka 2021 ya vyama vya wenye meli duniani, BIMCO na ICS, ilihesabu mabaharia milioni 1.89 na upungufu wa maofisa 26,240, ikakadiria kwamba maofisa wengine 89,510 wangehitajika kufikia mwaka 2026.

Mfano wa kuiga haupo Ulaya. Upo mwisho wa lami inayoanzia Isiolo, ikapita Marsabit na kufika Moyale, mpakani na Ethiopia. Ethiopia ilipoteza pwani yake Eritrea ilipojitenga mwaka 1993, lakini haikuachana na meli. Shirika lake la meli, lililoundwa mwaka 1964, liliendelea kusafiri, baadaye kupitia Djibouti. Kisha, kati ya mwaka 2010 na 2011, nchi hiyo ikaanza kufundisha maofisa wa injini na wa umeme wa meli huko Bahir Dar, kando ya Ziwa Tana, kwa kuwachukua wahitimu wa uhandisi na kuwapa mafunzo ya meli. Wanafunzi hao huajiriwa hata na kampuni za kigeni. Nchi isiyo na ufuo wa bahari inauza wahandisi wa baharini, kwa sababu kuanzia siku ya kwanza darasa lilifungamanishwa na nafasi ya ukadeti.

Isiolo ina sababu mpya ya kulifikiria hilo. Machi 2012 marais Mwai Kibaki na Salva Kiir pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi walizindua Lamu mradi wa LAPSSET, ambao ramani yake inaifanya Isiolo kuwa njia panda ya barabara, reli na bomba kati ya bandari hiyo, Ethiopia na Sudan Kusini. Gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa Mei 20, 2021. Vijana wa Lamu walipewa ufadhili wa masomo kupitia mradi huo. Kaunti za bara zilizo kwenye ushoroba uleule zina haki ya kuulizia fungu lao.

Serikali inaweza kuanza na jambo moja lisilohitaji kununua meli: kila kampuni kubwa inayotia nanga Mombasa na Lamu na kunufaika na bandari hizo ikubali idadi maalumu ya makadeti wa Kenya kila mwaka, kwa mkataba ulioandikwa. Na mzazi wa Isiolo anayejiandaa kuuza ngamia ili alipe karo aulize mapema iwapo kozi imeidhinishwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, inaelekea cheti cha uofisa au cha baharia wa kawaida, na ni kampuni gani itakayompokea mtoto wake kwa ile miezi 12. Chuo kisichoweza kulijibu swali hilo la mwisho hakistahili karo yake.