Ulster: Kaunti Tatu Zilizoachwa Licha ya Kiapo

Jumamosi ya tarehe 28 Septemba 1912, Edward Carson, kiongozi wa Wanamuungano waliotaka Ireland ibaki chini ya Uingereza, aliingia katika Ukumbi wa Jiji la Belfast akawa wa kwanza kutia sahihi Agano la Ulster. Watu karibu nusu milioni wakamfuata, wanaume kwenye agano lenyewe, wanawake kwenye tamko lao. Waliapa kusimama pamoja kuupinga mpango wa kuipa Ireland bunge lake mjini Dublin, kwani Waprotestanti wengi waliogopa kutawaliwa na Wakatoliki. Sahihi zilipigwa pia Cavan, Monaghan na Donegal, maana Ulster ilikuwa jimbo la kaunti 9, na waliokula kiapo waliamini ni cha wote.

Si kila Mprotestanti alikuwa upande wa Carson. Roger Casement, yule balozi mdogo aliyefichua mwaka 1904 mateso ya wavuna mpira wa Kongo chini ya Mfalme Leopold, alisoma Ballymena katika kaunti ya Antrim. Oktoba 1913 alisimama Ballymoney, mbele ya mkutano wa Waprotestanti, akaipinga siasa ya Carson. Miaka mitatu baadaye Waingereza walimnyonga kwa uhaini.

Chanzo cha hofu hiyo ya Waprotestanti ni cha zamani. Ulster ilikuwa ngome ya mwisho ya watawala wa Kigaeli. Hugh O'Neill aliwapiga Waingereza vita vya miaka 9, akashindwa Kinsale mwaka 1601, na Septemba 1607 yeye na Rory O'Donnell wakapanda meli Rathmullan, pwani ya Donegal, wasirudi tena. Ardhi yao ikatwaliwa na Mfalme James wa Kwanza, na kuanzia 1609 ikagawiwa walowezi wa Kiingereza na Kiskoti. Vyama vya wafanyabiashara wa London vilipewa Derry. Wakaubandika mji jina la London na kuuzungushia ukuta ambao bado umesimama.

Jambo moja hapa husahauliwa mno. Mpango huo wa walowezi uligusa kaunti 6, na Donegal na Cavan zilikuwamo. Antrim na Down hazikuwamo, ingawa Waskoti walikuwa wamekwisha kuhamia huko kwa mipango ya watu binafsi. Sita za walowezi, basi, si sita zilizomo leo ndani ya mpaka wa Ireland ya Kaskazini. Anayedhani mpaka huu ulirithiwa kutoka karne ya 17 amekosea. Ulipatikana kwa kuhesabu waumini.

Sensa ya 1911 ilikuta Ulster nzima ina watu kama milioni 1.58, na Wakatoliki kati yao walikuwa 690,000. Wingi wa Waprotestanti ulikuwa mwembamba, na viongozi wa Belfast waliogopa kwamba ungewaponyoka katika bunge lolote. Kwenye kaunti 6 za kaskazini mashariki Wakatoliki walishuka hadi theluthi moja. Machi 1920 Baraza la Wanamuungano wa Ulster likakubali Ireland igawanywe, wao wabaki na hizo sita tu. Lord Farnham wa Cavan aliwasihi wenzake wakumbuke agano, asisikilizwe. Waprotestanti kama 70,000 wa Cavan, Monaghan na Donegal wakaachwa na watu walioapa nao. Nimesoma mengi kuhusu mgawanyo huu, na bado naona ule ulikuwa usaliti. Wakatoliki wa Tyrone na Fermanagh, waliokuwa wengi katika kaunti zao, nao waliingizwa Ireland ya Kaskazini bila kuulizwa.

Mgawanyo ulianza rasmi tarehe 3 Mei 1921. Vituo vya forodha vikafunguliwa 1923. Derry ukatenganishwa na wateja wake wa Donegal, na Donegal yenyewe ikabaki imeungana na kusini kwa kipande chembamba cha ardhi tu, upande wa Leitrim. Kijiji cha Pettigo kiligawanywa na mto. Tume ya Mipaka chini ya Richard Feetham, jaji kutoka Afrika Kusini, ilitarajiwa kurekebisha hayo, lakini mapendekezo yake yalivuja gazetini Novemba 1925, serikali zikayazika, na mstari ukabaki palepale, kilomita 500 hivi.

Miongo kadhaa baadaye ikaja miaka 30 ya umwagaji damu katika Ireland ya Kaskazini, watu zaidi ya 3,500 wakafa, hadi mkataba wa amani wa Aprili 1998.

Jimbo la kale halikufutika. Ubingwa wa Ulster wa kandanda ya Kigaeli hugombaniwa na kaunti zote 9, na fainali nyingi zimechezwa Clones, mji wa Monaghan ulio mpakani. Na kila Julai, Jumamosi inayotangulia sikukuu ya tarehe 12, Waprotestanti wa chama cha Orange huandamana kwa ngoma na filimbi Rossnowlagh, ufukweni mwa Donegal, wakiungana na wenzao wa Cavan, Monaghan na ng'ambo ya mpaka.