Gunzi na Betri: Hoja kuhusu Thamani ya Kichezeo cha Mtoto Mchanga

Dai ninalolipinga hapa huuzwa pamoja na bidhaa yenyewe: kwamba kichezeo cha betri, kinachotaja rangi, kuhesabu na kuimba, humwahisha mtoto kusema. Wazazi wengi wa mijini wamelikubali dai hilo, na wanaojinyima ili wakinunue wanastahili jibu la kweli.

Kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza, halina ubishi tangu mwalimu Froebel alipotengeneza vitalu vyake vya mbao huko Ujerumani katika karne ya 19. Ubishi uko kwenye chombo. Watetezi wa betri husema mtoto anahitaji kusikia maneno mengi, na mashine haichoki kuyatamka. Hapo wanachanganya kusikia sauti na kuzungumzishwa.

Ushahidi ninaouegemea ni utafiti wa Anna Sosa wa Marekani, uliochapishwa katika jarida la JAMA Pediatrics mwaka 2016. Alirekodi jozi 26 za wazazi na watoto wa miezi 10 hadi 16 wakicheza nyumbani. Walipotumia vitabu, mzazi alitamka wastani wa maneno 67 hivi kwa dakika. Kwa vitalu na vichezeo vingine vya kawaida, 56. Kwa vichezeo vya elektroniki, vikiwamo kompyuta na simu za kitoto, 40 tu. Watoto nao walitoa sauti chache kuliko walipokuwa na vitabu. Kichezeo kilipoanza kusema, mzazi alinyamaza.

Itasemwa kwamba familia 26 ni chache, tena za ugenini. Ni kweli. Hata hivyo, mwanasesere wa gunzi la mahindi anaelekeza kulekule. Gunzi halina mdomo wala macho. Mtoto hulipa jina, hulifunga mgongoni kwa kipande cha kanga, hulibembeleza likilia, na kila neno la mchezo huo hutoka kwake au kwa dada na bibi walioketi karibu. Mwanasaikolojia Vygotsky alieleza mwaka 1933 kuwa fimbo inayogeuzwa farasi humsaidia mtoto kutenga maana na kitu. Gunzi linalogeuzwa mwana hufanya kazi hiyohiyo.

Sidai kwamba kila cha kienyeji ni salama. Ncha za gari la waya huchoma, na kisoda humkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Lakini betri ndogo ya mviringo ikimezwa na kukwama huweza kuunguza koo ndani ya saa 2, hatari ambayo gunzi halina.

Nawaomba wenzangu tunaowaandaa walimu wa elimu ya awali: mwanachuo asihitimu kabla hajatengeneza kichezeo kwa mikono yake, akakaa chini na mtoto, wakakizungumzia.