Jean Kambanda
Jean Kambanda (alizaliwa 1955) alikuwa waziri mkuu wa Rwanda kuanzia Aprili hadi Julai 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mwaka 1998 alikiri mashtaka sita mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda mjini Arusha, akahukumiwa kifungo cha maisha. Alikuwa mkuu wa kwanza wa serikali kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Kesi yake yathibitisha kuwa cheo ni dhamana, si kinga: uchochezi na ugawaji wa silaha alioukiri ulitegemea mamlaka ya dola. Wakosoaji huiita haki ya mshindi, kwani mahakama haikumshtaki yeyote wa RPF, kundi la waasi lililoshinda vita na kutwaa madaraka. Hoja hiyo ina uzito, lakini inadai haki ipanuliwe, si wenye hatia waachwe.