Mwaka FOSDEM Ilipokosa Kumbi

Kwa kawaida, mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari kila mwaka, waunda programu huria humiminika Brussels, Ubelgiji, kwenye viwanja vya chuo kikuu cha Université libre de Bruxelles. Hawalipi kiingilio wala hawajiandikishi. Mkutano wao, FOSDEM, ulifanyika mara ya kwanza mwaka 2001 kwa jina OSDEM. Herufi F, inayosimamia uhuru wa programu, iliongezwa baadaye kwa ombi la mwanaharakati wa programu huru Richard Stallman.

Msongamano wa mkutano huu ni maarufu. Chumba kikijaa, mlango hufungwa, na waliobaki nje huendeleza mjadala wao ujiani.

Kisha ikaja UVIKO-19. Mkutano wa tarehe 6 na 7 Februari 2021 ukahamia mtandaoni. Waandaaji hawakutaka mihadhara itegemee bahati ya intaneti ya kila mzungumzaji, hivyo ilirekodiwa mapema, ikakaguliwa, ikarushwa kwa saa iliyopangwa. Hata hivyo, mzungumzaji alitakiwa awepo video yake ikichezwa. Watazamaji waliandika maswali kwenye Matrix, mfumo huria wa mazungumzo. Yaliyoungwa mkono zaidi yalipanda juu, naye mzungumzaji akayajibu mubashara kupitia Jitsi, programu ya mikutano ya video.

Ubunifu mkubwa ulikuwa katika dakika zilizofuata. Muda wa maswali ulipokwisha hewani, chumba kilekile cha video kilifunguliwa kwa yeyote aliyetaka kuingia na kuendelea kuuliza.

Ujia wa Brussels ukawa umepata mrithi.

Mpangilio huo ulirudiwa Februari 2022. Mwaka 2023 watu walirejea chuoni, na milango ikaanza tena kufungwa kwa kujaa.